Saratani Haingoji Kisu

Kuna kauli inayosikika kwenye foleni za hospitali karibu kila pembe ya Tanzania, na wilayani Rungwe nayo ipo: saratani ukiigusa kwa kisu, umeitawanya. Anayeisema hakosi mfano. Atakutajia mama fulani aliyekaa na uvimbe wake mwaka mzima, akilima na kwenda sokoni kama kawaida, hadi siku alipokubali kukatwa kinyama cha kupima. Miezi michache baadaye ugonjwa ukawa umefika mapafuni na kwenye mifupa, na mama akazikwa. Kwa mtazamaji aliye nje ya mwili wa mgonjwa mambo yalifuatana hivyo, kisu kwanza na kusambaa baadaye. Wala imani hii si ya Watanzania peke yao. Mwaka 2003 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliowahoji wagonjwa 626 katika kliniki tano za Marekani, na asilimia 38 kati yao waliamini kwamba saratani ikipigwa na hewa wakati wa upasuaji inasambaa. Kama imani hiyo imeishi katika nchi yenye hospitali nyingi kiasi hicho, basi haitaondoka Rungwe kwa kukemewa. Inahitaji kujibiwa, na jibu lake limo ndani ya seli, kwenye kundi la protini ambazo kazi yake ni kuamuru jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Nasema kwamba protini hizo za udhibiti ndizo zinazoihamisha saratani, na kwamba huanza kuihamisha kabla mgonjwa hajapanda meza ya upasuaji.

Kwa mkazi wa Rungwe suala hili lina gharama. Mji wa Tukuyu una hospitali ya wilaya, Makandana, na milimani humo zipo hospitali za makanisa kama Igogwe na Itete. Kesi ikiwa nzito, safari inapanda Uyole na kuingia Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Na kwa miongo mingi mgonjwa aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Mtu aliyeambiwa kwamba kisu ndicho kinachoua ana kila sababu ya kuahirisha safari hiyo, akauze maziwa kwanza, amalize msimu wa viazi, ajaribu dawa za mitishamba. Makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yalionyesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi peke yake iliwapata wanawake wapatao 10,200 nchini Tanzania katika mwaka mmoja, na wapatao 6,500 wakafariki kwa ugonjwa huo. Nitaitumia saratani hiyo kama mfano mkuu, kwa sababu ndiyo saratani inayowaua wanawake wengi zaidi hapa nchini, na pia kwa sababu sayansi inaujua mwanzo wake kuliko inavyoujua mwanzo wa saratani nyingine nyingi.

Mwanzo huo ni kirusi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua kirusi cha HPV aina ya 16 kwenye saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. HPV ni kirusi kidogo chenye jeni chache mno, lakini mbili kati yake zinatosha kuleta maafa. Jeni ya kwanza hutengeneza protini ya E7, ambayo huikamata protini ya mwili iitwayo Rb. Kwa kawaida Rb huizuia seli isigawanyike kabla ya wakati wake. Ikishakamatwa, kizuizi hicho kinaondoka. Ya pili hutengeneza E6, na hii huipeleka protini ya p53 kwenye mitambo ya seli inayosaga protini zisizohitajika. Wataalamu waliigundua p53 mwaka 1979, na mwaka 1992 Mwingereza David Lane akaiita mlinzi wa jenomu, kwa kuwa ndiyo inayosimamisha seli yenye DNA iliyoharibika ili ijirekebishe au ife. Kwa hiyo kirusi hakiui seli. Kinaziondoa protini mbili zilizokuwa zikiidhibiti, na seli inabaki ikigawanyika huku makosa kwenye DNA yake yakiongezeka mwaka hadi mwaka.

Kazi hiyo ni ya polepole. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi hadi saratani, na kwamba kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari mara sita zaidi ya wengine. Takwimu hizo zina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Mbeya yakiwa asilimia 9.3, wakati wastani wa taifa ulikuwa takriban asilimia 5. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina vituo Mbeya na Tukuyu, na watafiti wa Mbeya wamechunguza jinsi virusi hivyo viwili vinavyosaidiana mwilini mwa mwanamke. Katika miaka yote hiyo, iwe mitano au ishirini, hakuna daktari aliyegusa chochote.

Lakini kugawanyika hovyo bado si kusambaa. Uvimbe unaweza kukua mahali pake na ukabaki hapo, na kama saratani ingekuwa hivyo tu, ingekuwa tatizo la nafasi. Tatizo ni kwamba seli za utando unaofunika mlango wa kizazi hazikuumbwa kutembea. Zimepangana kama matofali ya kuchoma kwenye ukuta, na udongo unaozishikanisha ni protini iitwayo kadherini-E, ambayo Mjapani Masatoshi Takeichi alikuwa miongoni mwa waliofichua jinsi inavyozifunga seli kwa msaada wa kalsiamu. Chini yake kuna tabaka gumu linalotenganisha utando na nyama. Ili seli moja ifike mapafuni, inabidi iachane na majirani zake, ibadili umbo kutoka pana hadi jembamba, ipate uwezo wa kutambaa, itoe vimeng'enya vya kuyeyusha tabaka lile, iingie kwenye mshipa wa damu au wa limfu, ivumilie msukosuko wa mkondo, itoke upande mwingine, kisha ianze kuzaana katika tishu isiyoifahamu. Ni ujuzi mwingi mno kuupata mmoja mmoja kwa bahati. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu lilikuwa hili: seli ya kukaa mahali pamoja ilijifunzia wapi kuhama?

Jibu ni kwamba haikujifunza. Ilikuwa nao ujuzi huo tangu mwanzo, umefungiwa. Sote tulipokuwa wadogo kuliko punje ya maharage tumboni mwa mama, makundi ya seli zetu yaliachana na majirani zao, yakasafiri, yakatulia mbali na yalikotoka. Ndiyo yaliyotengeneza sehemu ya mifupa ya uso, neva nyingi, na seli zinazoipa ngozi rangi yake. Kuhama huko kuliamriwa na protini chache za udhibiti ambazo wataalamu wamezipa majina ya Snail, Slug, Twist na ZEB. Snail na Twist zilijulikana kwanza kwa nzi wa matunda, kutokana na kazi iliyofanyika Heidelberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwapatia Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Kiinitete cha nzi kilichokosa protini hizo kilishindwa kuziingiza seli zake ndani ili zitengeneze misuli. Kwa binadamu, mtoto akishaumbika, protini hizi hunyamazishwa katika sehemu nyingi za mwili, na baadhi yake huamshwa kwa muda tu, mathalani pale kidonda kinapopona na seli za ngozi zinapotambaa kuziba pengo.

Mwaka 2000 timu mbili za Hispania, moja ya Madrid na nyingine ya Barcelona, zilionyesha Snail inafanya nini hasa ndani ya seli za saratani. Inakaa kwenye DNA, mwanzoni mwa jeni ya kadherini-E, na kuizima. Protini moja inashika sehemu moja ya jeni, na udongo wa ukuta wote unaacha kutengenezwa. Jaribio lililonishawishi kuliko yote ni la mwaka 2004, kutoka maabara ya Robert Weinberg huko Massachusetts. Watafiti walichukua seli za saratani ya matiti ya panya ambazo kwa kawaida husambaa hadi mapafuni, wakapunguza Twist ndani yake, wakazipandikiza. Uvimbe ulikua kama kawaida pale ulipopandikizwa, lakini mbegu zake mapafuni zilipungua sana. Msomaji alitazame jaribio hilo kwa makini. Panya wa makundi yote mawili walichomwa sindano ile ile, uvimbe ulikua sawasawa, na kilichotofautiana kilikuwa kiasi cha protini moja inayoamuru. Kama kuchomwa kungekuwa chanzo cha kusambaa, makundi yote mawili yangepata mbegu mapafuni kwa kiwango kimoja.

Kinachoziamsha protini hizi ndani ya uvimbe ni hali ya uvimbe wenyewe. Ukikua, seli za katikati hukosa oksijeni, na ukosefu huo ni ishara ya kuamsha Twist na wenzake. Seli za kinga na za nyama inayouzunguka uvimbe humwaga kemikali kama TGF-beta, ambayo katika mwili wenye afya husaidia vidonda kupona. Katika maabara, hata E6 na E7 za HPV zimeonekana zikichangia kupunguza kadherini-E, na E6 huvunja protini nyingine zinazoiwezesha seli kujua upande wake wa juu na wa chini. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mabadiliko haya yanaweza kurudi nyuma. Seli zilizofika mapafuni au kwenye ini mara nyingi hukutwa zimerejea kutengeneza kadherini-E na zimeshikana tena, na mwaka 2012 majaribio ya panya yalionyesha kwamba Twist isipozimwa baada ya safari, seli hizo hushindwa kukua na kuwa uvimbe mpya. Amri inatolewa, kisha inaondolewa. Ndiyo maana dawa ya kuzizima protini hizi haijawa jambo jepesi: nyingi hazina shimo ambalo dawa inaweza kushika vizuri, mwili unazihitaji kwa vidonda, na kuzizima wakati usiofaa kungeweza kuzisaidia seli zilizokwisha kuhama zitulie na kuzaana.

Wanasayansi wenyewe hawakubaliani kwa kila kitu hapa. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja, moja ya saratani ya matiti na nyingine ya kongosho kwa panya, ambazo zote zilidai kwamba mbegu za mbali zilitokea bila seli kupitia mabadiliko haya kikamilifu. Kazi ya mabadiliko hayo, walisema, ilikuwa kuzifanya seli zistahimili dawa. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine ulionyesha kwamba kuiondoa ZEB1 kwenye saratani ya kongosho ya panya kulipunguza kusambaa. Wengi sasa wanaona kwamba seli hubadilika nusunusu, zikahama kwa vikundi huku baadhi zikiwa bado zimeshikana. Ubishi huo ni mkali na haujaisha, lakini tazama wanachobishania: ni protini ipi inaamuru, kwa kiasi gani, na katika saratani ipi. Pande zote mbili zinakubali kwamba seli huondoka kwenye uvimbe kwa nguvu zake zenyewe.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake juu ya kisu, na unatoka kwa mpasuaji. Denis Burkitt, Mwairishi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alianza mwaka 1957 kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya, wakati mwingine pande zote mbili, juu na chini. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walianza safari ya kilomita zipatazo 16,000 kwa gari kuukuu, wakipita Kenya, Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo unaonekana. Waligundua kwamba ni ugonjwa wa nchi za chini zenye joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta hukoma kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na chini ya hapo kadiri unavyoelekea kusini. Mtu wa Rungwe anaijua tofauti hiyo kwa miguu yake: kushuka kutoka Tukuyu hadi Kyela ni kutoka kwenye ukungu wa chai na migomba na kuingia kwenye joto la mpunga na kakao. Baadaye ilifahamika kwamba malaria na kirusi cha Epstein-Barr vinashirikiana kuuleta ugonjwa huo, na mwaka 1982 chanzo chake ndani ya seli kikaonekana. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, kwa kawaida ya 14, kikiipeleka jeni ya MYC mahali ambapo haizimiki. MYC nayo ni protini ya udhibiti, na kazi yake ni kuihimiza seli ikue na kugawanyika.

Burkitt alikata taya za watoto hao, na uvimbe ukarudi. Mwenye imani ya kisu angesema, unaona? Lakini maiti zilipochunguzwa, uvimbe ule ule ulikutwa kwenye figo, kwenye ovari na kwingineko ambako wembe wake haukuwahi kufika, na kwa watoto ambao hawakupasuliwa pia. Kisu kilishindwa kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwa wa mwili mzima. Burkitt alielewa hivyo, akageukia dawa, zikiwemo methotreksati na siklofosfamidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya watoto wakapona. Naona ni mojawapo ya mambo ya heshima katika historia ya tiba katika eneo letu, mpasuaji kukiri kwamba kisu chake hakitoshi. Na hakuhitaji kusema kwamba kisu ndicho kilichosambaza.

Sasa pingamizi, na lipo zito. Ni kweli kwamba katika hali fulani mkono wa daktari unaweza kuzihamisha seli. Sindano ya kuchukua kinyama kwenye saratani ya ini imeonekana ikiacha seli kwenye njia yake kwa takriban wagonjwa 3 kati ya 100. Saratani ya korodani haichukuliwi kinyama kwa kuchoma mfuko, na madaktari wanafundishwa hivyo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya dhidi ya mashine ya kusagia uvimbe wa kizazi ndani ya tumbo, kwa sababu uvimbe ukiwa na saratani isiyojulikana, mashine humwaga vipande vyake. Na kwa saratani ya mlango wa kizazi yenyewe kuna jaribio kubwa la mwaka 2018, lililohusisha wanawake 631 katika nchi mbalimbali. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kawaida wa kufungua tumbo, nusu upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na asilimia 86 ya kundi la pili.

Jaribio hili linaichanganya ile imani ya foleni. Kama kukata na hewa ndivyo vinavyosambaza, waliofunguliwa tumbo zima wangeumia zaidi ya waliotobolewa matundu. Ilikuwa kinyume: kisu kikubwa kilishinda kidogo, na inashukiwa kwamba sababu ilikuwa namna uvimbe ulivyoshikwa na kufinywa wakati wa kuutoa kwa matundu. Funzo lake ni kwamba mbinu ya upasuaji ina maana na inapaswa kupimwa kwa ushahidi. Halisemi kwamba mgonjwa abaki nyumbani. Kinyama kinachochukuliwa kwenye mlango wa kizazi ni kipande kidogo kutoka sehemu inayoonekana kwa macho, wala si sindano inayopita kwenye ogani yenye afya. Na hata kwenye kongosho, ambako sindano hupita ndani, kliniki ya Mayo ya Marekani ilichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, na waliokuwa wamechomwa sindano ya kipimo kwanza waliishi muda mrefu kuliko ambao hawakuchomwa. Sidai kwamba sindano iliwarefushia maisha. Huenda makundi hayo yalitofautiana kwa mengine. Ila ni vigumu kuyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba sindano inaua.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi, na limetoka katika maabara ile ile ya Weinberg. Mwaka 2018 watafiti wake walionyesha kwamba panya akijeruhiwa kwa upasuaji, hata mahali pasipo na saratani, kidonda huibua mchochota, yaani ule mwako wa kupona jeraha, mwili mzima, na seli za saratani zilizokuwa zimelala mbali, zikidhibitiwa na kinga ya mwili, huweza kuamka na kukua. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba ugonjwa uliibuka baada ya upasuaji huenda aliona kitu cha kweli. Naukubali uwezekano huo, na naona ni haki kuusema waziwazi badala ya kuuficha. Lakini seli zilizoamka zilikuwa zimekwisha kufika. Kidonda hakikuzipeleka. Watafiti hao pia waliona kwamba dawa ya kutuliza mchochota, meloksikamu, ilipunguza athari hiyo kwa panya. Kazi iliyobaki kwa madaktari ni kutafuta namna ya kumlinda mgonjwa katika siku za kupona, na mgonjwa aliyeukataa upasuaji bado anabaki na uvimbe unaotoa seli mpya kila siku.

Mtu makini atageuza hoja yangu mwenyewe dhidi yangu: ikiwa seli zinaondoka mapema hivyo, kuwahi hospitali kunasaidia nini? Ni kweli kwamba mwaka 2016 tafiti mbili za panya zilionyesha seli zikiuacha uvimbe wa titi kabla hata haujashikika kwa mkono. Lakini kuondoka ni rahisi kuliko kufika. Mwaka 1970 Isaiah Fidler alizitia alama ya mionzi seli za saratani, akazidunga kwenye damu ya panya na kuzihesabu. Chini ya moja katika kila 1,000 ndiyo iliyofanikiwa kuzaa uvimbe. Nyingine karibu zote zilikufa njiani. Maana yake ni kwamba kusambaa ni suala la idadi na muda, ambapo kila mwezi uvimbe unaoachwa hutuma maelfu zaidi, na mojawapo inaweza kupata bahati. Takwimu za Marekani za saratani ya mlango wa kizazi zinaonyesha hivyo hivyo: ikigunduliwa ikiwa bado mahali pake, takriban wanawake 91 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano, ikiwa imefika mbali, takriban 19. Mama wa kwenye kauli ile alikaa mwaka mzima na uvimbe. Alipofika hospitali, seli zilizomuua huenda zilikuwa mapafuni tayari, ndogo mno kuonekana, na kinyama kilichokatwa kiliutaja tu ugonjwa uliokuwa safarini.

Kwa saratani hii, yapo pia ya kufanya kabla ya kufika kwenye kisu. Katika kipimo cha siki, mwanamke hupakwa asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe kwa dakika chache. Ikionekana mapema huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Chanjo ya HPV humfikia msichana kabla E6 na E7 hazijapata seli ya kuingilia. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, uamuzi unaoungwa mkono na utafiti wa Kenya uliokuta dozi moja ikizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo, na utafiti wa Mwanza uliopima kinga za wasichana 930. Huko Sweden, waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 chini ya wasiochanjwa.

Hata hivyo kauli ile ya foleni ina sehemu moja ambayo hospitali haziwezi kuikwepa. Tanzania ina wataalamu wachache wa patholojia, na kinyama kilichokatwa wilayani hakisomwi na yeyote hadi kifike kwao. Majibu yakichelewa, mgonjwa amekatwa na hajatibiwa, uvimbe unaendelea na kazi yake, na majirani wanahesabu siku kuanzia tarehe ya kisu. Hapo ndipo imani hujijenga upya kila mwaka, na elimu ya protini haitaivunja ikiwa ratiba ya maabara inaithibitisha. Mwanamke wa Rungwe anayeombwa kinyama ana haki ya kuambiwa majibu yatatoka tarehe gani, nani atampigia simu, na yakiwa mabaya, atapanda gari la kwenda wapi na kwa nauli ya nani.